Kikapu Nilichokishindilia

Mimi Machogu nimelima chai hapa Nyacheki kwa miaka thelathini na minne, na kwa miaka kumi na mmoja sasa niko kwenye kamati ya kituo chetu cha kuuzia majani. Nayataja haya mapema ili mtu asidhani kwamba jambo ninalotaka kusimulia lilinipata kwa ujinga. Lilinipata kwa ujuzi. Joto nalijua. Nikitia mkono kwenye gunia la majani mabichi, nitakwambia yalichumwa saa ngapi na kama mwenyewe aliyashindilia njiani ili gunia moja libebe ya mawili. Majani yakishindiliwa hupata moto katikati, yakawa mekundu, na karani huyakataa. Nimewarudisha watu wengi nyumbani na majani yao, wengine jamaa zangu, na sijawahi kukosea.

Kanisa letu ni la Sabato, na kwetu hilo si jambo la mchezo. Ijumaa ni siku ya maandalio. Chakula hupikwa, maji huchotwa, viatu hupigwa rangi, na jua likishazama hakuna anayegusa kiberiti mpaka lizame tena Jumamosi. Nyumbani hilo si taabu, kwa kuwa chupa mbili za chai zinatosha familia. Taabu ni makambi ya mwezi wa nane, watu mia mbili wamelala kwenye mahema katika uwanja wa kanisa, na baridi ya huku ni ile ya kuingia mpaka kwenye magoti. Mwaka jana tulikusanya chupa za chai za kijiji kizima. Wageni kutoka Nyansiongo walipata uji wa moto, wazee wetu wakapata nusu kikombe, na watoto wakanywa uliopoa kwenye ndoo huku meno yakigongana. Mzee Mathew, kiongozi wa wageni hao, alituaga kwa upole mwingi na kusema kwamba pengine siku nyingine tungewaachia wao kazi ya jikoni. Upole ule uliniuma kuliko matusi.

Ndipo binti yangu Beverlyne aliposimama kwenye mkutano wa akina mama akasema kwamba mwaka huu yeye atauweka uji usiku kucha bila jiko, na asubuhi ya Sabato utakuwa wa kupuliza.

Beverlyne ana miaka ishirini na sita. Alisoma chuo miaka mitatu, akarudi na cheti chake kwenye bahasha ya kaki, na tangu hapo kazi haijaonekana. Mimi si baba wa kumwonea haya mtoto. Nilikuwa nikimtaja kila mahali, kituoni, kanisani, hata kwenye matanga. Lakini alipoanza kushonea magazeti ndani ya vikapu vya kuchumia chai, nakiri nilianza kumtaja kwa sauti ya chini. Magazeti yenyewe alipewa na Mohamednoor, mwenye duka kule Masimba, yale ya kufungia sukari na misumari, na kila alipotoka huko na mzigo wake kichwani watu walimwita fundi wa takataka. Yeye alicheka nao. Mimi nilikuwa nikirudi nyumbani nimekunja uso.

Jioni moja nilimwuliza mbele ya mama yake kama anajua anachofanya.

"Tata, kaa hapo," aliniambia, maana kwetu baba huitwa tata. "Nakuonyesha kitu moja tu, kisha useme yako."

Alichana ukurasa wa katikati wa daftari, akaukunja ukawa kisanduku kisicho na kifuniko, akatia maji nusu, akakitundika kwa nyuzi juu ya mshumaa. Nilimwambia atatuchomea nyumba. Mama yake aliondoa kitambaa cha meza. Tukakaa tukiutazama ule moto ukilamba karatasi, karatasi ikawa nyeusi kidogo kwa masizi, lakini haikuungua. Baada ya muda maji yakaanza kutoa vipovu, kisha yakachemka kabisa, ndani ya karatasi ya daftari.

Nilisogeza kiti changu karibu na mshumaa. 

"Unaona? Karatasi haikai na joto," alisema. "Inapitishia maji haraka, na maji inabeba. Ndio maana haishiki moto."

"Sasa kama karatasi inapitisha joto hivyo," nikamwambia, "utazuiaje joto na magazeti?"

"Karatasi si ndio inazuia. Hewa ndio inazuia. Gazeti ukilikunjakunja, kila mkunjo unashika hewa kidogo inakosa pa kwenda. Joto ikifika hapo inachoka."

Akatoka nje akaniletea panga langu, lililokuwa limeegemea ukuta tangu adhuhuri. Akaniambia nishike bapa la chuma, kisha nishike mpini, nimwambie kipi ni baridi zaidi. Nikasema chuma, hata mtoto anajua. Akasema vyote vimekaa pamoja kwenye baridi ileile na viko sawa, ila chuma inaninyang'anya joto la mkono haraka na mti unaniachia. Kisha akanipa blanketi la bibi yake. Blanketi halina moto ndani yake, alisema, linakulinda tu usinyang'anywe wako.

Nililala nikiwa na furaha kubwa. Mtoto wangu alikuwa amechemsha maji kwenye karatasi. Kesho yake niliwaeleza watu wote kituoni, na kwa kuwa hawakuniamini, nilitia chumvi kidogo nikasema ni sufuria nzima. Jumamosi iliyofuata nilisimama kanisani, bila kuulizwa, nikawaahidi wote kwamba uji wa makambi utakuwa moto, na kwamba jina langu liko juu yake.

Beverlyne aliniambia njiani tukirudi, taratibu, huku akitazama mbele. "Tata, umeweka jina yako. Sawa. Lakini mimi nimeweka zaidi. Wamama wa Nyansiongo wamesema wakiona uji moto kwa macho yao, wataniita niwafundishe, kanisa zao zote. Ikipoa, hivyo vikapu naviwacha hapa, naenda Nairobi kwa senge nimsaidie kuuza nguo. Siwezi kukaa nyumbani mwaka wa nne nikichekwa."

Senge ni shangazi yake, dada yangu. Anauza mitumba, na ni mtu mwema. Lakini sikusomesha binti akasimame juani kukunja suruali za watu. Na zaidi ya hilo, niseme ukweli, nyumba ile bila Beverlyne ingekuwa mimi na mama yake tukitazamana.

Ndiyo sababu niliogopa. Na mimi nikiogopa, huanza kusaidia.

Ijumaa ya makambi, saa nane mchana, vikapu vitano vilikuwa tayari kwenye stoo ya kanisa. Akina mama walikuwa nje wakikoroga uji wa wimbi, Nyanchera, mkuu wa jikoni, akiwasimamia kwa mwiko mkononi. Beverlyne alikuwa miongoni mwao. Niliingia stoo peke yangu kukagua. Kila kikapu kilikuwa na magazeti yaliyokunjwakunjwa kati ya ukuta wake na kitambaa cha ndani, unene wa kiganja kizima, na juu kulikuwa na mto wa kufunikia uliojazwa vivyo hivyo. Nikabonyeza kwa kidole. Kikazama. Nikabonyeza kingine. Vilikuwa vyepesi, vimejaa upepo mtupu, na nikajiambia kwamba mtoto huyu amefanya kazi nzuri lakini mkono wake ni mwepesi. Joto la uji wa watu mia mbili halishikwi na kitu kinachobonyea.

Hapo ndipo ujuzi wangu uliposimama na kusema. Miaka thelathini na minne imenifundisha jambo moja: kitu kikishindiliwa, kinapata moto. Nimeingiza mkono kwenye magunia yaliyoshindiliwa nikautoa haraka, na hakuna aliyekuwa amewasha kiberiti humo.

Nilichagua kikapu kimoja, kilichokuwa karibu na mlango. Nikafunua kitambaa, nikashindilia yale magazeti kwa ngumi, kisha kwa goti, kisha nikaongeza magazeti mengine yaliyonyooka na kuyabana pia mpaka ukuta wote ukawa mgumu kama ubao. Mto wa kifuniko niliukalia. Unene ule wa kiganja sasa ulikuwa vidole viwili, na nikaona faida nyingine: nafasi ya ndani imepanuka. Nikabadilisha sufuria ya lita ishirini nikaweka ya thelathini. Nikafunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa kikapu ili nikijue. Nilitoka nje nikijipangusa mikono, na nilikuwa nimejawa na mapenzi kwa binti yangu. Heri ningeyaonyesha kwa njia nyingine.

Jua lilipokaribia kuzama, uji ulimiminwa ukitokota, vikapu vikafunikwa, milango ikafungwa. Nilisaidia kubeba kile changu mwenyewe ili mtu mwingine asione uzito. Tukaimba, tukafungua Sabato.

Asubuhi ilikuja na ukungu mzito. Watu walitoka kwenye mahema wamejifunika mashuka, watoto wameficha mikono kwapani. Vikapu vitano vilipangwa juu ya meza mbele ya kanisa. Mzee Mathew alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, kofia mapajani, na akina mama wanne wa Nyansiongo wamesimama nyuma yake, macho makavu kabisa. Beverlyne alikuwa kando ya meza amevaa kitenge chake cha bluu. Mikono yake ilikuwa ikisokota pindo la kile kitenge.

Nyanchera aliuliza tuanze na kipi.

"Anza na hiyo iko na kitambaa nyekundu," nilisema, kwa sauti iliyofika mpaka hema la mwisho. "Hiyo ndio ya wageni."

Beverlyne alinitazama. Hakujua habari za kitambaa chochote.

Nyanchera akafungua. Kulikuwa na mvuke kidogo, mvuke wa aibu, ukaisha kabla haujapanda. Akachota kikombe, akampa Mzee Mathew kwa mikono miwili. Mzee alikipokea, akakisogeza mdomoni kwa uangalifu, kisha uangalifu ukamtoka na akanywa mkupuo mmoja. Alikishusha kikombe pajani.

"Ni tamu," alisema.

Hakuna neno baya zaidi angeweza kusema. Uji wa Sabato wa makambi hausifiwi kwa utamu. Nyanchera alitia kidole kwenye kikombe kingine, akakitoa bila haraka yoyote. Mmoja wa wale akina mama wa Nyansiongo aliangalia pembeni. Nyuma huko mtu akasema kwa Ekegusii, lugha yetu, kwamba maji ya kumwogesha mtoto mchanga yangekuwa moto zaidi, na watu wakacheka, si kwa ubaya, lakini wakacheka.

Beverlyne alikisogelea kile kikapu. Akatia mkono kati ya kitambaa na ukuta, akabonyeza. Akabonyeza tena mahali pengine. Akaishika sufuria ukingoni, akapima kwa jicho upana wake. Nilimwona akijua. Kisha akaniangalia, na mimi nikajua pia, maana katika sekunde ile nilikumbuka kila neno aliloniambia kuhusu mikunjo na hewa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilingoja aseme. Alikuwa na haki yote. Mbele ya watu mia mbili angeweza kuninyooshea kidole na hakuna ambaye angemlaumu.

Beverlyne akamgeukia Nyanchera. "Ni kosa yangu, Mama," alisema. "Hii sikufunga vizuri. Mnisamehe."

Nyanchera alipumua kwa nguvu. Akaanza kurudisha kifuniko, akasema basi watoto walete vikombe wanywe hivyo hivyo, na hivi vingine havina haja ya kufunguliwa mbele ya wageni. Mzee Mathew tayari alikuwa amevaa kofia.

Nimekaa kwenye kamati miaka kumi na mmoja na nimeona watu wakikana magunia yao, wakisema hili si langu, ni la jirani. Sijawahi kuona mtu akilibeba gunia bovu la mwenzake akasema ni langu. Siku ile nililiona, na aliyelibeba alikuwa mtoto wangu, na gunia lilikuwa langu. Ule upendo niliokuwa nao siku zote ulibadilika hapo hapo, ukawa heshima.

"Nyanchera, ngoja," nilisema.

Nikasogea mpaka mezani. Nikawaambia wote. Sikutia chumvi hata chembe. Nikasema kikapu hiki kilikuwa kizuri kama vingine mpaka jana saa nane, nikaingia mimi, mzee mwenye kujua majani, nikakipiga goti kwa kuwa majani yakishindiliwa hupata moto. Nikasema binti hana kosa, na aliyeharibu ndiye huyu mnayemwona.  Wakulima wote pale walikuwa wakitikisa vichwa, na si kwa kunilaumu. Niliona machoni mwao kwamba kila mmoja wao angelifanya vilevile.

"Kwani si kweli?" Mzee Mathew aliuliza, kofia ingali kichwani. "Majani ikibanwa si inaungua yenyewe?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Mimi nikamtazama Beverlyne.

"Majani mabichi iko hai, Mzee," Beverlyne alisema. Sauti yake ilianza ikitetemeka, kisha ikanyooka. "Ikichumwa bado inapumua, na ikipumua inatoa joto yake. Ukiibana, hiyo joto inakosa njia. Gazeti imekufa kitambo, haitoi kitu. Yake ni kushika hewa tu. Ukiibana, umefukuza hewa, umebaki na karatasi peke yake, na karatasi peke yake inapitisha. Fungueni hiyo ya pili."

Haikuwa sauti ya kuomba. Nyanchera, ambaye haamrishwi na mtu jikoni kwake, alifungua ya pili.

Mvuke ulipanda ukamfunika uso. Alirudi nyuma hatua moja. Watoto walisogea bila kuitwa. Akachota kikombe na kumpa Mzee Mathew, na Mzee, ambaye sasa alikuwa amejiamini, alikunywa kama alivyokunywa kile cha kwanza. Akakohoa, akashika midomo, machozi yakamtoka. Akavua kofia.

Vikafunguliwa cha tatu, cha nne, cha tano. Vyote sawa. Baada ya muda mfupi uwanja mzima ulikuwa umetulia, wala si kwa ibada. Watu mia mbili walikuwa wakipuliza vikombe. Nilimwona mama mzee sana aliyekuwa akikumbatia kikombe chake kifuani bila kunywa, akipasha moto mikono kwanza. Nilimwona mke wangu akiwatazama wale akina mama wa Nyansiongo wakiingiza vidole kwenye magazeti ya binti yake, wakibonyeza, wakinong'onezana, na uso wa mke wangu ulikuwa umenawiri.

Mimi nilichota kutoka kikapu chenye kitambaa chekundu. Hakuna aliyekuwa akikitaka, na lita thelathini hazitupwi. Nikakaa kwenye benchi la nyuma nikinywa uji wangu wa vuguvugu. Baadaye Beverlyne alikuja. Naye alikuwa amechota kutoka kikapu hichohicho. Akakaa kando yangu, bega kwa bega.

"Si mbaya, Tata," alisema. "Kwa mtu ametumia goti."

Nilitaka kumwomba msamaha, na maneno hayakuja, kwa hiyo nikamwambia kwamba najivuna kwa ajili yake. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno mazima. Alitazama kikombe chake, akatikisa kichwa kuonyesha amesikia.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo alipokuja Mzee Mathew, na wale akina mama wanne nyuma yake. Kwetu mgeni akiwa na haja na binti wa mtu, huongea na baba. Akanipa mkono, akanisalimia kwa heshima zote, midomo bado myekundu.

"Mogaka," akaniambia, kama tunavyomwita mzee wa kuheshimiwa, "tuko na kanisa saba upande wetu. Tunakuomba utupe huyu msichana aje Nyansiongo atufundishe. Wewe unasemaje?"

Maisha yangu yote, mtu akiuliza swali popote nilipo, jibu hutoka kinywani mwangu, liwe la kwangu au la jirani. Hata hili lilikuwa limefika mlangoni. Nililifunga.

"Mzee, umekosea mtu," nilisema. "Fundi ni huyu hapa. Muulize mwenyewe."

Mzee Mathew akamgeukia Beverlyne, akaivua tena kofia aliyokuwa ameshairudisha. Beverlyne alimaliza uji wake kwanza. Kisha akamwambia ataangalia wiki gani ana nafasi.